Kuchagua themu na rangi za tovuti itakayosomwa juani

Tovuti yangu ya kwanza ya kulipwa niliitengeneza kwa ajili ya mama anayeuza samaki wa kukaanga karibu na ufuo wa Dunga, hapa Kisumu. Niliweka maandishi ya kijivu hafifu juu ya weupe na vitufe vya rangi ya dhahabu. Kwenye kompyuta yangu, chumbani, mapazia yakiwa yamefungwa, ilipendeza sana. Nikampelekea aione. Ilikuwa saa saba mchana, jua la utosi. Aliishika simu yake, akaigeuza huku na huku, akaikinga kwa kiganja, halafu akaniuliza, "Mwanangu, hapa pameandikwa nini?"

Palikuwa pameandikwa namba ya kuagizia chakula.

Nilirudi nyumbani nikaanza upya, na hatua ninazoandika hapa ndizo nilizozifuata mara ya pili, nikaendelea kuzifuata hadi leo. Nitazieleza kwa kutumia WordPress, kwa kuwa zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote duniani zinaendeshwa nayo na mafundi wengi wa huku wanaanzia hapo. Mambo ya rangi yatakufaa hata kama unatumia kitu kingine au unaandika msimbo kwa mkono.

Andika kwanza, themu baadaye

Themu, au mandhari kama simu nyingi za Android zinavyoiita kwa Kiswahili, ni mkusanyiko wa mafaili yanayoamua sura ya tovuti: menyu ikae wapi, herufi ziwe za aina gani, picha zipangweje, rangi zipi zitumike. Maneno yako na picha zako havimo ndani ya themu. Ukiibadilisha, kurasa zako zinabaki, ingawa menyu na vipande vya pembeni huenda vikahitaji kupangwa upya.

Kwa hiyo usianze kwa kutazama themu. Chukua karatasi uandike kila kitu ambacho mteja atakuja kukitafuta. Kwa yule mama karatasi ilikuwa na mistari sita: aina za samaki na bei (ngege, mbuta, omena), saa za kufungua, mahali alipo, namba ya simu, namba ya kulipia kwa M-Pesa, na kama anapeleka chakula ofisini. Picha nzuri tulikuwa nazo nne, zote zilizopigwa kwa simu.

Karatasi hiyo ndiyo itakayokuokoa ukifika kwenye maonyesho ya themu, kwa sababu kinachokuvutia pale mara nyingi si themu bali picha. Utaona hoteli iliyopigwa picha na mtu wa kazi hiyo, meza nyeupe, taa laini, bahari nyuma. Ziondoe picha hizo na kinachobaki ni mistari miwili ya maandishi madogo katikati ya uwanja mtupu. Mimi huweka kiganja juu ya picha kwenye skrini na kujiuliza: pasipo picha hii, ukurasa huu unaniambia nini? Halafu naangalia karatasi yangu. Kama mistari yangu sita haina pa kukaa bila kushuka chini mara tatu, themu hiyo naiacha.

Kupepeta themu

Katika dashibodi, yaani ukurasa wa kuendeshea tovuti yako ya WordPress, bofya "Appearance", kisha "Themes", kisha kitufe cha kuongeza mpya. Utakutana na maelfu ya themu za bure. Angalia lini ilisasishwa mara ya mwisho. Themu ambayo haijaguswa kwa miaka miwili ni nyumba ambayo fundi wake amehama. Angalia ni tovuti ngapi zinaitumia, na usome malalamiko kabla ya sifa. Fungua maonyesho yake kwenye simu, si kwenye kompyuta, ukitumia bando lako mwenyewe wala si waifai ya ofisi. Ikichukua muda hadi uanze kuangalia mambo mengine, mteja wako naye atafanya hivyo hivyo.

Ziogope themu zenye picha kubwa zinazopokezana zenyewe juu ya ukurasa. Ni nzito, zinamla mteja bando, na picha ya tatu karibu hakuna anayeisubiri.

Kuna jambo moja ambalo silijadili na mtu. Themu za kulipia zinazosambazwa bure kwenye vikundi vya mitandao, zikiwa zimevunjwa kufuli, usiziguse. Mara nyingi aliyeivunja amepachika ndani yake msimbo wake mwenyewe: viungo vya siri vya kamari, mlango wa nyuma wa kuingilia, au kitu cha kuwapeleka wageni wako kwingine. Utasafisha tovuti wiki nzima na itarudi ilivyokuwa. Huna pesa ya themu? Chukua ya bure iliyo halali.

Kwa anayeanza, ninapendekeza themu za karibuni zinazotolewa na WordPress wenyewe, zile zinazopewa majina ya miaka, kama Twenty Twenty-Four na Twenty Twenty-Five. Ni nyepesi, zinasasishwa, na ni themu za vipande. Maana yake ni kwamba tangu toleo la 5.9 la WordPress, lililotoka Januari 2022, unaweza kubadilisha kila sehemu yake, kuanzia kichwa cha ukurasa hadi mstari wa chini kabisa, ndani ya kihariri bila kuandika msimbo. Zinaonekana kavu mwanzoni. Ukavu huo ni faida, kwa sababu rangi utakazoziweka hazitagombana na za mtu mwingine.

Kabla hujagusa chochote, chukua nakala ya akiba ya tovuti nzima, mafaili na hifadhidata pia. Na kama unapanga kuhariri mafaili ya themu yenyewe, tengeneza kwanza themu-mtoto, yaani themu ndogo inayorithi kila kitu kutoka kwa mzazi na kubeba mabadiliko yako peke yake. Usipofanya hivyo, siku mzazi akisasishwa kazi yako yote inafutika. Mabadiliko unayoyafanya kupitia kihariri hayana hatari hiyo, kwani yanahifadhiwa kwenye hifadhidata.

Rangi: anzia kwenye leso

Hapa ndipo watu hupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Tandika leso, yaani kanga, mezani. Ina sehemu tatu: mji, ambao ni uwanja wa katikati, pindo, linaloizunguka pande zote nne, na jina, ule mstari mmoja wa maneno. Mji unachukua nafasi kubwa, pindo linaushika mji usimwagike, na jina ni dogo lakini jicho linalitafuta. Wabunifu wana kanuni yao ya asilimia 60, 30 na 10, ambayo inasema jambo hilo hilo. Anayechagua leso sokoni Kibuye anapoirudisha moja na kuchukua nyingine anaitumia kanuni hiyo bila kuhesabu.

Tovuti yako nayo ipe rangi tatu za aina hiyo, pamoja na wino, yaani rangi ya maandishi. Kila rangi iwe na kazi yake na isifanye kazi ya mwenzake. Mji ni mandharinyuma ya kurasa. Pindo ni kichwa cha ukurasa, sehemu ya chini na vichwa vya habari. Jina ni kile kitufe kimoja unachotaka mtu akibonyeze, basi. Ukiitumia rangi ya kitufe kwenye vichwa vya habari, kwenye mistari na kwenye picha, mteja hataona tena kitufe.

Rangi zenyewe utazitoa wapi? Kila mtu anayetaka tovuti Kisumu huanza kwa kusema buluu, kwa sababu ya Ziwa Victoria. Lakini simama ufuoni uangalie. Maji ya Ghuba ya Winam si buluu ya kadi za posta. Ni kijani kilichochanganyika na udongo, na gugu maji likisukumwa na upepo kuja huku, kijani kinakolea hadi ukingoni. Nilipiga picha asubuhi, nikaifungua kwenye programu ya kuchukulia rangi, nikagusa jani la gugu maji upande wa kivulini. Ikanipa kijani kilichokolea ambacho sikukiona kwenye tovuti nyingine yoyote ya hapa mjini. Hilo ndilo likawa pindo. Nenda ukafanye vivyo hivyo na mahali pako: ukuta wa duka, kitambaa unachoshona, majani ya chai ya Kericho kama ndiko uliko, udongo mwekundu wa shambani.

Programu hiyo itakupa msimbo, kwa mfano #1F5B45. Baada ya alama ya reli kuna jozi tatu: ya kwanza ni kiasi cha nyekundu, ya pili kijani, ya tatu buluu. Kila jozi huanzia 00, ambapo rangi hiyo haipo kabisa, hadi FF, ambapo imejaa. Ngazi ni 256 kwa kila moja, hivyo jumla ni rangi 16,777,216. Katika huo wa kwangu jozi ya katikati ndiyo kubwa kuliko zote, na ndiyo maana rangi inaegemea kijani. Zote tatu ni ndogo, na ndiyo maana imekolea. Ukishaielewa hiyo unaweza kuipunguza au kuikoleza rangi kwa kubadilisha tarakimu tu.

Hizi ndizo nilizofikia:

Mji: #FBF7EF, rangi ya maziwa
Pindo: #1F5B45, kijani cha gugu maji
Jina: #F28C28, rangi ya chungwa lililoiva
Wino: #2B2118, kahawia iliyokaribia nyeusi

Pima, usikisie

Kosa langu la kijivu na dhahabu lilikuwa la kupimika, ila sikupima. Shirika la W3C, linaloweka viwango vya wavuti, lina kipimo cha utofauti wa mwangaza kati ya maandishi na kilicho nyuma yake. Nyeusi juu ya nyeupe ni 21 kwa 1, na hakuna zaidi ya hapo. Maandishi ya kawaida yanatakiwa yafike angalau 4.5 kwa 1. Maandishi makubwa, kama ya vichwa vya habari, yanaruhusiwa 3 kwa 1. Kiwango cha juu zaidi ni 7 kwa 1, na mimi kwa tovuti zitakazosomwa stejini, sokoni na ufuoni nadai hicho cha 7 kwa maandishi yote ya kusomwa. Jua letu halikubali chini ya hapo.

Zipo kurasa za bure za kupimia. Unaweka misimbo miwili, zinakupa jibu. Ukiwa na Chrome kwenye kompyuta, fungua zana za wasanidi, bofya kile kisanduku cha rangi ya maandishi, na utakiona kipimo hapo hapo.

Wino wangu juu ya rangi ya maziwa unapata zaidi ya 14. Nyeupe juu ya kijani cha gugu maji inapata karibu 8. Kazi ilikuwa kwenye kitufe. Nilikuwa nimekiandika "Agiza sasa" kwa herufi nyeupe juu ya rangi ya chungwa, kama utakavyoona kila mahali, na kipimo kikaja 2.45. Nikabadilisha herufi tu, nikaweka ule wino wa kahawia, bila kugusa rangi ya chungwa. Ikawa 6.4. Haikufika 7 yangu, kwa hiyo nikazifanya herufi za kitufe ziwe kubwa na nene. Rangi nyangavu kama manjano na chungwa hutaka maandishi meusi juu yake. Ukikumbuka hilo tu umejiepusha na nusu ya makosa.

Mengine niliyowahi kupima: manjano tupu juu ya nyeupe ni 1.07, yaani hakuna kitu. Nyekundu kali, #FF0000, juu ya nyeupe ni 4.0, inakosa kiwango kidogo. Tumia damu ya mzee, #8B0000, upate 10. Na nyekundu hiyo kali juu ya kijani cha #008000 ni karibu 1.3, mbali na kwamba watu wengi, hasa wanaume, hawatofautishi vizuri nyekundu na kijani tangu kuzaliwa. Kwa sababu hiyo usiiachie rangi peke yake ibebe habari. Usiweke kidoti chekundu kumaanisha samaki wameisha na cha kijani kumaanisha wapo. Andika "Wameisha". Andika "Wapo". Viungo navyo vipigiwe mstari chini, visitegemee rangi tu.

Rangi zina wenyewe

Kipimo hakitakuambia kila kitu. Katika kura ya maoni ya katiba ya Kenya mwaka 2005, chungwa lilikuwa alama ya Hapana na ndizi alama ya Ndiyo, na tangu hapo rangi ya chungwa imebaki rangi ya chama cha siasa cha ODM. Ukijaza ukurasa mzima chungwa Kisumu, kuna wateja watakaousoma kama bango la kampeni. Manjano nayo siku hizi ina chama chake. Kijani na nyeupe ni Gor Mahia. Buluu na nyeupe ni AFC Leopards, na ukienda Kakamega utajua maana yake siku ya mechi.

Sisemi uziogope rangi hizi. Mwulize mwenye biashara kabla hujaziweka. Nilipomwuliza yule mama alisema anawalisha watu wa kila upande, na angependa iwe hivyo. Chungwa ikabaki kwenye kitufe peke yake. Hiyo ndiyo faida ya kuzipa rangi kazi: ile yenye maneno mengi nyuma yake unaweza kuipa nafasi ndogo.

Kuziingiza

Katika themu ya vipande bofya "Appearance", "Editor", halafu "Styles", halafu sehemu ya rangi, ufungue paleti. Badilisha rangi za paleti yenyewe kwa misimbo yako. Usiende kwenye kila aya na kila kitufe kupaka rangi kimoja kimoja. Ukibadilisha paleti, kila kitu kinachoitumia kinabadilika pamoja. Ukipaka kimoja kimoja, siku mwenye duka akitaka kijani kipungue utakesha. Kwenye themu za zamani njia ni "Appearance", kisha "Customize", na mara nyingi utapewa rangi mbili tatu tu za kubadilisha.

Anayeandika msimbo afanye jambo hilo hilo kwa kuzipa rangi majina mahali pamoja:

:root {
  --mji: #FBF7EF;
  --pindo: #1F5B45;
  --jina: #F28C28;
  --wino: #2B2118;
}

Halafu popote pengine aandike var(--pindo), asirudie tarakimu.

Fonti zisikuchukulie muda. Moja inatosha, mbili ni nyingi, na kila unene unaoongeza mara nyingi ni faili jingine la kupakua. Maandishi yasipungue pikseli 16. Mimi huweka 18. Lakini kagua mambo mawili ambayo waliotengeneza themu hawakuyafikiria. Kwanza ile alama ya ng': andika ng'ombe na Lwang'ni uone kama fonti inaiweka vizuri au inaacha pengo katikati ya neno. Pili, urefu wa maneno yetu. Menyu iliyopangwa kwa maneno mafupi ya Kiingereza itavunjika ukiandika "Tunavyosafirisha" au "Wasiliana nasi". Weka maneno yako ya Kiswahili mapema, siku ya kwanza, usisubiri hadi mwisho.

Mandhari meusi, yaani maandishi meupe juu ya weusi, nimeacha kuyaweka kwa wafanyabiashara wadogo. Usiku yanapumzisha macho, ila juani skrini nyeusi inageuka kioo, unajiona uso wako. Na kuokoa betri kunatokea kwenye skrini za OLED, ambazo huzima nukta zilizo nyeusi. Simu nyingi za bei nafuu hutumia LCD, ambayo taa yake ya nyuma inawaka vile vile.

Toka nje

Sasa chukua simu ya bei nafuu uliyonayo karibu, ipunguzie mwangaza hadi nusu, utoke nje kati ya saa sita na saa nane mchana. Fungua tovuti. Je, namba ya simu unaiona bila kukinga skrini? Piga picha ya skrini, uigeuze kuwa nyeusi na nyeupe kwenye programu ya picha. Kitufe chako bado kinajitenga na vingine, au kimezama? Kikizama, rangi ilikuwa inafanya kazi ambayo mwangaza ungepaswa kuifanya.

Halafu mpe mtu asiyeijua tovuti hiyo. Mimi huenda kwa waendesha boda stejini Kondele, namwomba mmoja anitafutie bei ya ngege na namba ya kulipia, nami nanyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu. Usimwonyeshe kwa kidole, usimwambie "shuka kidogo". Hesabu tu mara anazosita na pale anaposita. Watu watatu wakisita mahali pamoja, kosa ni lako.

Kila ulichokirekebisha, kirudie juani.

Mwisho, andika misimbo yako minne kwenye karatasi na umpe mwenye biashara, kwa sababu kesho atataka bango. Mwambie pia kwamba mchoraji wa mabango hataweza kuitumia kama ilivyo: rangi ya skrini ni mwanga na ya mkebe ni rangi ya kupaka, na chungwa inayong'aa kwenye simu ukutani itafifia. Mimi na yule mama tulikwenda duka la vifaa vya ujenzi tukiwa na simu, tukaifungua tovuti, tukaweka kadi za rangi kando ya skrini mlangoni penye mwanga wa nje, hadi tukapata kijani kilichokaribia. Hakikuwa kile kile hasa. Kwa hiyo bango lilipokauka nililipiga picha, nikarudi kwenye paleti, nikakisogeza kijani cha tovuti kidogo kuelekea cha ukutani, kisha nikapima tena.